Kutu Nayo Ina Habari: Hotuba kuhusu Ukusanyaji wa Mabango ya Kale ya Petroli, Tairi na Magari

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa gereji na maduka ya spea, wenye magari ya kale mliotoka mbali, wanafunzi wa makumbusho, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu ukusanyaji wa vifaa vya kale vya kutangazia magari, na ni heri nianze kwa kuvitaja vitu vyenyewe, maana wengi wakisikia matangazo hufikiria gazeti. Nakusudia mabango ya chuma yaliyopakwa enameli, ambayo kampuni za petroli, oili na tairi ziliyapigilia kwenye kuta za gereji. Matufe ya kioo yaliyokaa juu ya pampu yakiwa na taa ndani. Makabati ya bati ambamo plagi zilipangwa juu ya kaunta. Rafu za makopo ya oili. Saa za ukutani zenye nembo ya kampuni ya betri. Na maandishi ya neoni, yaani mirija ya kioo yenye gesi, yaliyowaka usiku juu ya maduka ya magari. Vyote hivi vilitengenezwa vifanye kazi juani na mvuani, na wala waliovitengeneza hawakuwazia kwamba siku moja vitapigiwa mnada.

Hoja yangu ni kwamba thamani ya kifaa cha namna hii haimo katika kung'aa kwake, bali imo katika ushahidi kinaoubeba: ushahidi wa namna kilivyotengenezwa, na ushahidi wa mahali kilipofanya kazi. Anayekisugua na kukipaka rangi hadi kikaonekana kipya, na anayeking'oa ukutani bila kuandika ukuta ule ulikuwa wa nani, wote wawili wanakipunguza, hata kama wamekinunua kwa fedha nyingi na kwa nia njema. Najua humu ndani wapo wasiokubaliana nami, na baadhi yao ni rafiki zangu wa siku nyingi, kwa hiyo itanibidi nijieleze kwa kituo.

Enameli si rangi ya kopo. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatandazwa juu ya bamba la chuma, kisha bamba likaingizwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi mpaka unga ukayeyuka na kushikamana na chuma. Hutangulia tabaka la chini, ambalo mara nyingi ni jeusi au la buluu iliyokoza kwa sababu limetiwa oksidi ya kobalti, nayo ndiyo inayokisaidia kioo kishike chuma. Juu yake huja nyeupe. Kisha rangi nyingine hufuata moja baada ya moja, kila moja na zamu yake tanurini. Bamba hupakwa pande zote mbili, hata ule upande ambao hakuna mteja atakayeuona, kwa kuwa likipakwa upande mmoja tu hupinda linapopoa. Nchini Uingereza kazi hii ilishamiri katika eneo la Birmingham, ambako Patent Enamel Company ilikuwa na kiwanda chake Selly Oak tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa upande wa Marekani, mojawapo ya majina makubwa ni Ingram-Richardson ya Beaver Falls, Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1901, na jina lake lililofupishwa bado linaonekana kwa herufi ndogo sana chini ya mabango mengi.

Ukishaelewa kazi hiyo, bango linaanza kujieleza lenyewe. Chukua bango la zamani lililopakwa kwa kiolezo, ufumbe macho, upitishe kidole gumba kutoka kwenye uwanja mweupe hadi kwenye herufi nyekundu, na utahisi kijingazi pale rangi moja ilipopandishwa juu ya nyingine. Kisha tazama matundu ya skrubu. Aliyelipigilia bango lile alikuwa fundi mwenye haraka, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote, kioo kikameguka kulizunguka tundu. Ndani ya mmeguko ule utaona ukingo mweupe, chini yake ule weusi wa tabaka la kwanza, na katikati kabisa chuma kilichoshika kutu. Viwanda vingine vilitia pete za shaba kwenye matundu ili kuzuia jambo hilo, nazo pia ni alama ya kutafutwa. Halafu fuata njia ya kutu. Mvua hutiririka kwenda chini, na kutu huifuata, kwa hiyo michirizi ikienda chini kutoka kwenye kila tundu, tunajua bango lilining'inia wima miaka mingi bila kuhamishwa. Michirizi ikienda upande, ama bango liliwahi kugeuzwa na kutumiwa kuziba pengo kwenye uzio wa kuku, jambo lililotokea mara nyingi kuliko mnavyodhani, ama kuna mtu ameipaka kutu hiyo kwa mkono wake na tindikali.

Sasa, kwa nini vitu hivi ni vingi hivyo Marekani, kiasi cha kuwa na soko lake, madalali wake na wataalamu wake? Sababu kubwa ni ya kisheria. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil ivunjwe, na kampuni 34 zikatokea. Kila moja ilihitaji nembo, rangi na jina ambalo dereva angelitambua kwa mbali, na wakati huohuo gari aina ya Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa linawatia barabarani watu ambao hawakuwahi kumiliki hata mkokoteni. Petroli ni bidhaa ya ajabu kuitangaza, kwa sababu mnunuzi haioni, haionji, na akiiona haitofautishi na ya jirani. Ndiyo maana katika miaka ya 1910 na 1920 zikaenea pampu ndefu zenye silinda ya kioo juu yake: mhudumu aliyavuta mafuta kwa mkono hadi yakajaa kwenye kioo, mteja akayaona na kuyahesabu kwa macho yake, ndipo yakaachiwa yateremke garini kwa uzito wake yenyewe. Juu ya silinda hiyo likakaa tufe la kioo cheupe lenye nembo, na usiku tufe likawashwa. Standard Oil ya Indiana ilitengeneza matufe yenye umbo la taji, na kwa maoni yangu hakuna kitu kizuri zaidi kilichowahi kuwekwa juu ya mashine ya kuuzia mafuta. Mwaka 1930 kampuni ya mafuta ya Sinclair nayo ikaanza kutumia dinosaria katika matangazo yake, ikitaka kuwashawishi watu kwamba ukale wa mafuta ni ubora.

Wingi huo ulipunguzwa na vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali za Marekani na Uingereza ziliwahimiza wananchi watoe chuma chakavu, na mabango kwa maelfu yakayeyushwa pamoja na masufuria na mageti. Baada ya vita bati lililochapwa lilikuwa rahisi kuliko enameli, na plastiki yenye taa ndani ikawa rahisi zaidi ya bati. Sheria ya mwaka 1965 ya kupendezesha barabara kuu za Marekani ikaja kubana matangazo ya kando ya njia. Kwa hiyo bango la enameli la miaka ya 1920 tunaloliona leo limeponea chupuchupu mara kadhaa, aghalabu kwa sababu lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyelijali.

Uingereza ina kisa cha namna nyingine, nacho kinanivutia kwa sababu ni cha kampuni iliyoamua kunyamaza ili isikike. Katika miaka ya 1920 wananchi walilalamika kwamba mabango ya petroli yanaharibu sura ya mashamba na vijiji. Shell ikaondoa mabango yake mashambani, na badala yake ikabandika mabango makubwa ya karatasi ubavuni mwa malori yake ya kusambazia mafuta, ili tangazo lipite na kwenda zake. Chini ya uongozi wa Jack Beddington, mkuu wa matangazo wa Shell, michoro ile iliagizwa kwa wasanii wa kweli, wakiwamo Graham Sutherland, Paul Nash na Edward McKnight Kauffer. Karatasi hizo hazikukusudiwa kudumu, kwani zilibanduliwa na kubadilishwa. Lakini kampuni iliweka nakala, na leo maelfu ya kazi hizo yamo katika hazina inayotunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Magari, Beaulieu, ambayo chimbuko lake ni mkusanyo uliofunguliwa na Lord Montagu mwaka 1952. Kila mchoro una mwaka wake na jina la msanii wake. Mkusanyaji wa mabango ya chuma anaweza kuuonea wivu utaratibu huo, kwa sababu mabango ya chuma yalichukuliwa kuwa vyombo vya kazi, na ni nadra mtu kuandika historia ya nyundo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko London, katika jengo la kampuni ya tairi ya Michelin lililofunguliwa mwaka 1911 kwenye barabara ya Fulham. Jengo lote ni tangazo: kuna picha za vigae za mashindano ya magari na baiskeli, na kuna madirisha makubwa ya vioo vya rangi yanayomwonyesha Bibendum, yule mtu wa matairi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, madirisha yaliondolewa kwa kuhofia mabomu, yakafungwa kwenye masanduku na kupelekwa kuhifadhiwa katika kiwanda cha kampuni hiyo kule Stoke-on-Trent. Hayakurudi. Vita vilikwisha, miaka ikapita, na masanduku yalipotafutwa hayakuonekana. Wamiliki wapya walipolifungua tena jengo mwaka 1987, madirisha yaliwekwa mapya, yaliyotengenezwa kwa kufuata picha na michoro ya zamani. Nataka mlifikirie jambo hili. Kioo kilipotea, lakini kumbukumbu ilikuwapo, na kwa sababu ya kumbukumbu hiyo mpita njia wa leo anaona kile alichokiona mpita njia wa mwaka 1911. Na kama ipo nyumba fulani yenye kipande cha kioo kile kimelala darini, bila karatasi, bila picha, mwenye nyumba hiyo ana kipande cha kioo tu.

Dallas, Texas, walilitatua suala kama hilo kwa namna ninayoiona ya busara. Farasi mwekundu mwenye mabawa, nembo iliyokuja kuwa maarufu kwa jina la Mobil, alisimikwa kwa taa za neoni juu ya jengo la Magnolia mwaka 1934, akazunguka huko juu kwa miongo kadhaa. Alipochakaa, alitengenezwa farasi mwingine wa kufanana naye, akawashwa usiku wa kuingia mwaka 2000. Yule wa kwanza sasa amewekwa chini, mbele ya hoteli moja mjini humo, ambapo watu wanaweza kumkaribia. Nakala imepewa kazi, na mzee amepewa kiti.

Tugeukie kwetu. Hapa Afrika Mashariki mafuta yalianza kutufikia yakiwa ndani ya madebe ya galoni nne, mawili kwa kila sanduku la mbao, na debe lenyewe ndilo lililokuwa tangazo, kwa kuwa jina la kampuni lilichapwa au kugongwa ubavuni. Sanduku lilikuwa kabati la nguo au kiti. Debe lilichotea maji, likapimia mahindi hadi likawa kipimo cha biashara kinachotumika sokoni mpaka leo, likakatwa na kukunjuliwa likaezeka nyumba. Makopo madogo ya oili yaliangukia mikononi mwa mafundi wa bati, nao wakayageuza kuwa koroboi na vibatari. Niliwahi kushika koroboi ambayo ndani ya mkono wake, pale bati lilipokunjwa, herufi nne za jina la kampuni ya oili zilikuwa bado zinasomeka kwa rangi nyekundu, huku sehemu nyingine yote ikiwa imefunikwa na masizi. Sijui mnada wowote wa ng'ambo ambao ungeipa koroboi ile alama zaidi ya moja kati ya kumi, lakini kwangu mimi ni ushahidi wa matangazo ya petroli katika pwani hii ulio mzito kuliko bango safi lililonunuliwa kwa njia ya simu kutoka Ohio. Nawaomba wakusanyaji wa hapa waache kutafuta kile ambacho Wamarekani wanacho, waanze kutafuta kile ambacho sisi pekee tunaweza kuwa nacho.

Na kuna haraka katika jambo hili. Vituo vyetu vya mafuta vimebadilisha wenyewe mara nyingi, na kila anapoingia mwenye mpya, kazi ya kwanza ni kuondoa sura ya aliyetangulia. Nchini Kenya tumeona Mobil ikiipisha OiLibya katika muongo wa kwanza wa karne hii, na mwaka 2009 Total ikainunua Chevron Kenya, nyota ya Caltex, jina la vituo vya Chevron, ikaanza kushushwa kituo kimoja baada ya kingine. Mabango yaliyoshushwa hayakwenda makumbusho. Yalikwenda kwa wauza chuma chakavu, yakapimwa kwa kilo. Wale kati yenu wenye umri wa miaka arobaini na zaidi mnakumbuka ile nyota ilikuwa kwenye kona gani ya mji wenu, lakini ni wangapi wana hata picha moja?

Yapo matangazo ambayo hayawezi kushushwa, na hayo nayataja kwa kupita tu. Kule Asmara, Eritrea, kipo kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero kilichojengwa mwaka 1938 na mhandisi Giuseppe Pettazzi kwa umbo la ndege, chenye mabawa mawili ya zege yaliyotanda hewani bila nguzo. Simulizi zinasema mjenzi alitishiwa bastola ndipo akakubali kuziondoa nguzo za muda. Wenyeji husimulia, na mgeni huburudika. Jengo bado limesimama, na mji wenyewe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Nije kwenye bandia, ambalo ndilo jambo mnaloniuliza mara nyingi. Bei zilipopanda, yalitokea yale ya mgema kusifiwa. Bango moja la petroli ya Musgo, kampuni ndogo ya Michigan iliyodumu kwa muda mfupi tu mwishoni mwa miaka ya 1920, limeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Na bidhaa ikifika bei hiyo, hakosi mtu wa kuitengeneza upya. Wengine huiga mabango yaliyokuwapo. Wengine, na hawa ndio wabaya zaidi, hubuni mabango ambayo hayakuwahi kuwapo duniani, yenye ndege, simba au mwanamke wa kupendeza na jina la kampuni ya kweli, ili mnunuzi asiwe na asili ya kulinganisha nayo. Baadhi yametengenezwa kwa enameli halisi iliyochomwa tanurini, kwa hiyo kugonga kwa kucha au kuweka sumaku hakutakusaidia chochote; sumaku inakuambia kuna chuma, haikuambii chuma hicho ni cha mwaka gani.

Silaha bora ni kuijua historia ya nembo. Kombe la Shell, yaani nembo yake ya gamba la kombe wa baharini, lilianza kutumika mwaka 1904, baada ya nembo ya mwanzo ya gamba la kome, na lile umbo tulilolizoea, lililorahisishwa hadi mistari michache, ni kazi ya mbunifu Raymond Loewy ya mwaka 1971. Ukiuziwa bango la miaka ya 1930 lenye kombe la Loewy, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Mbwa mwenye miguu sita wa Agip, kampuni ya mafuta ya Italia, ambaye wengi wenu mlimwona utotoni kwenye vituo vya Nairobi na Dar es Salaam, alitokana na shindano la mwaka 1952. Kwa hiyo anayekuuzia mbwa huyo kwa hadithi kwamba aliletwa na Waitaliano waliokuwa wakielekea Uhabeshi kabla ya vita, anakuuzia hadithi. Bibendum naye alichorwa mwaka 1898 na msanii aliyejiita O'Galop, na katika sura zake za mwanzo mwili wake una pete nyingi nyembamba, kwa kuwa matairi ya wakati huo yalikuwa membamba. Ana miwani ya puani na sigara nene mkononi, na ni mweupe kwa sababu tairi zilikuwa bado hazijatiwa masizi ya kaboni yanayozifanya ziwe nyeusi. Kadiri tairi za magari zilivyonenepa, pete zake zilipungua na kunenepa pia.

Hadithi zinazoambatana na kitu pia zinahitaji kupimwa. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba neoni iliingia Marekani mwaka 1923, pale Earle C. Anthony, muuza magari ya Packard wa Los Angeles, aliponunua Paris mabango mawili kwa dola 24,000. Hadithi hiyo imo katika vitabu vingi, lakini watafiti waliotafuta ushahidi wa picha na wa magazeti ya wakati ule wameitilia shaka. Kama hadithi ya mji mkubwa wenye magazeti mengi inaweza kuyumba namna hiyo, maneno ya dalali wa barabarani yachukuliwe kwa tahadhari.

Sasa nifike pale ninapogombana na watu. Katika minada ya Marekani bango hupewa alama kati ya 1 na 10, na kinachopimwa ni mng'ao, mimeguko na kufifia kwa rangi. Utaratibu huo una faida yake, kwani mnunuzi aliye mbali anajua anachokinunua. Lakini umezaa tabia ya kuyaogopa makovu, na tabia hiyo imezaa mafundi wa kujaza mimeguko kwa gundi, kupulizia rangi ya gari na kupaka vanishi, kiasi kwamba inabidi uchukue taa ya miali ya urujuanimno (UV) uione kazi yao gizani. Kwangu mimi, bango lililojazwa limekuwa kimya. Tundu lililomeguka linasema lilipigiliwa. Alama za risasi, ambazo ni nyingi kwenye mabango ya mashambani kule Marekani, zinasema lilikaa kando ya njia isiyopitwa na wengi. Ukizifuta, unabaki na picha ya nembo, na picha ya nembo inapatikana bure. Naafiki jambo moja tu: kutu inayoendelea kula chuma isimamishwe, kwa sababu ikiachwa itaondoka na ushahidi wenyewe.

Na hapa pwani kutu haina likizo. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huingia kwenye ukingo wa kila mmeguko. Osheni bango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mlikaushe siku hiyohiyo, kisha mpake nta nyepesi kwenye mimeguko na mgongoni. Msitumie msasa wala brashi ya waya. Licha ya kukwaruza kioo, enameli za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na kadimiamu, na vumbi lake si la kuvuta. Yahifadhini mabango yakiwa yamesimama, kitambaa kati ya moja na jingine, wala msiyalaze moja juu ya jingine kama mabati ya dukani. Vifaa vya kadibodi na karatasi viwe mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ya unyevu na mchwa, na mbali na dirisha, kwa sababu jua likiisha kuila rangi nyekundu hakuna fundi wa kuirudisha. Kuhusu neoni nitasema kwa ukali: transfoma yake inaweza kutoa hadi volti 15,000, na mirija ya buluu aghalabu ina zebaki ndani. Msiichomeke kwenye umeme ili kujaribu. Mwiteni fundi anayeijua kazi hiyo.

Lililobaki ni kuandika. Kabla hujagusa skrubu ya kwanza, piga picha ya bango likiwa ukutani, kisha picha ya ukuta wote, kisha picha ya mtaa. Andika jina la gereji, barabara, mwaka unaokisiwa, nani alikuambia mwaka huo, na nani ndiye mwenye haki ya kuliuza, maana mpangaji si mwenye jengo na kijana wa pampu si mwenye kituo. Muuzaji akiwa mjane wa fundi asiyejua bei, mwambie bei. Najua sentensi hiyo haipendwi katika vikao vyetu. Ukimpunja utapata bango, lakini hutapata albamu ya picha iliyo ndani ya kabati lake, wala hatakueleza habari za mume wake, na hizo ndizo zilizokuwa zimebaki za gereji ile. Maelezo hayo yawekwe kwa kalamu ya kuandikia kwenye karatasi isiyo na asidi, ndani ya bahasha iliyofungwa mgongoni mwa bango, na nakala yake ikae mahali pengine. Kwa vitu vilivyokwisha kuingia nyumbani bila maelezo, andikeni hata kidogo mnachokijua, ikiwa ni pamoja na jina la dalali na mji alikotoka.

Kamati imeniambia kwamba katika maonyesho yajayo kila kifaa kitakuwa na kadi, na kadi itakuwa na nafasi ya mahali kilipopatikana kabla ya nafasi ya jina la mwenye nacho. Naiunga mkono kwa moyo wote, na nimeshajaza kadi zangu.

Kwenye meza iliyo kushoto kwangu kuna mabango matatu ya tairi, na mojawapo si la kale. Sitasema ni lipi. Njooni kwa zamu, myapapase, myageuze muone mgongo, mchungulie matundu ya skrubu, kisha turudi vitini tuanze maswali. Ahsanteni sana.